Hodi Kwenye Hema la Buluu

Siku ya kuniaga walinipa kiti. Kiti cha kukunja, cha turubai, chenye tundu la kuwekea kikombe. Miaka yote nimezunguka kambi ile nikiwaokotea watu viti vya namna hiyo vilivyopeperushwa na upepo hadi majini, na shukrani yangu ikawa kiti. Meneja alihutubu, akanisifu kwa "moyo wa huduma". Keki ilichorwa hema, na hema lenyewe halikuwa na kamba hata moja. Nilitaka kusema kwamba hema hilo lisingefika asubuhi, lakini nikala kipande changu.

Sasa nyinyi wawili mnaobaki kule bwawani, mmoja wa Nakuru na mmoja wa Morogoro, mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokuwa tukisemea siri zetu mbele ya meneja, na akitaka kuyasoma haya na ajifunze. Maelekezo ya Kiingereza mlishapewa, makaratasi yanayotosha kuegemezea mlango, na humo sikuona hata mstari mmoja unaosema ufanye nini mzee akijifungia bafuni akaimba. Nani alipandishwa cheo lini, sitawaambia. Cheo changu cha mwisho kilikuwa kirefu, na hakikunipunguzia choo hata kimoja cha kuosha.

Nilifika pale bila kukusudia. Nilikuwa nikisafisha ofisi mjini London, nikikaa Kilburn, na wakala wa kazi akanipigia simu kwamba kuna mabafu ya kusafishwa "mahali pazuri penye maji". Nikapanda treni hadi Harrow, kisha basi, na basi likaenda mpaka nyumba zikaanza kupungua na mimi nikaanza kusoma dua. Niliposhuka nikakuta uwanda wa nyasi tupu, hauna mti wa maana, mbele yake maji mengi yametanda, na kando ya maji mahema. Wazungu wazima, wenye nyumba zao na joto lao la kubonyeza ukutani, wamelala chini. Mmoja alikuwa akichemsha yai kwenye kijiko kikubwa, na uso wake ulijaa furaha.

Jioni nikampigia mama Mombasa nikamweleza.

"Masikini," akasema. "Wamekimbia vita gani?"

"Hawakukimbia kitu, mama. Wako likizo. Wanalipa."

Kisha akaniuliza, taratibu, kama huko nakula vizuri.

Aliyenipokea kazini alikuwa Bwana Kanti, msimamizi wa kambi, Mhindi wa Kisumu aliyekuwa akikaa Neasden. Alivaa sweta la kijivu lililojaa matundu ya cheche, kiangazi na kipupwe, na sidhani kama lilipata kufuliwa. Aliposikia jina langu akaacha Kiingereza papo hapo. "Mwanaisha? Ya Mombasa? Haya, ingia, chai iko." Ile chai ilikuwa na tangawizi ya kukwaruza koo. Nilikuwa sijasemeshwa Kiswahili na bosi tangu nije nchi hii, na machozi yalinitoka, nikasingizia tangawizi.

Bwana Kanti alikuwa na ugomvi wa kudumu na yale maji. Wageni wote waliyaita ziwa, na kila alipowasikia alikunja uso. "Ziwa! Hii karai tu, mama. Mtu alizuia kamto na udongo, akasema ziwa. Ziwa najua mimi." Na kweli ni bwawa, lilichimbwa na watu, lina ukuta na mlango wa chuma upande wa mashariki, lakini nendeni mkamwambie hivyo mtu aliyenunua kofia ya kapteni.

Alinipa nyundo ya mpira. Alikuwa nayo tangu alipoanza kazi, mpini wake umefungwa utepe mweusi, na alinikabidhi na maonyo mengi kuliko aliyonipa mkwe wangu aliponikabidhi mwanawe. Kigingi kipige kwa kukilaza, kichwa kitazame mbali na hema. Kamba usiikaze sana kabla ya mvua, kwa sababu ikilowa itavuta yenyewe. Na mlango wa hema usiuelekeze majini. Hilo la mwisho halijapata kusikilizwa na mtu yeyote, maana kila mgeni anataka mlango utazame maji apige picha. Alasiri upepo unatoka bwawani, unaingia kwa mlango huo huo, na mgeni anaonekana akilikimbiza hema lake uwandani huku mkewe akimpigia kelele kuwa alimwambia.

Namkumbuka bwana mmoja aliyekuja na hema lenye vyumba vitatu na pampu ya umeme. Nilipomsogelea kumsaidia akaniambia amepanda milima, mimi nishughulike na vyoo. Nikashughulika na vyoo. Kabla sijamaliza upande wa wanaume, vyumba vitatu vilikuwa vinaelea. Bwana Kanti akachukua mashua akavifuata, bila haraka, akipiga mluzi. Yule bwana baadaye aliandika malalamiko kwamba maji yako karibu mno na kambi ya kando ya maji.

Lakini jambo alilonifundisha Bwana Kanti ambalo nataka mlishike ni hodi. Siku zile za mwanzo nilimwona akilisogelea hema la familia moja ili awaambie gesi yao inavuja. Akasimama hatua mbili nyuma, mikono mgongoni, akaita, "Hodi!" Mzungu akatoa kichwa, amechanganyikiwa. Nilicheka hadi nikakaa kwenye nyasi.

"Cheka tu," akaniambia. "Hema hapana mlango. Utagonga wapi? Ukigusa ile nguo, umeshaingia ndani. Sema hodi tatu. Hapana jibu, ondoka, rudi baadaye."

Ebo! Kama kwamba hiyo hodi nilikuwa siijui. Nimezaliwa nayo. Kwetu unabisha mara tatu, na kama hujaitikiwa unageuza, hata kama unasikia kijiko kikigonga kikombe ndani, kwa sababu asiyekuitikia amekwisha kukujibu. Ila sikuwahi kufikiri kwamba ingenifaa kazini London. Tangu siku ile sikuligusa hema la mtu kabla ya kubisha, na wageni wakazoea. Wengine waliita "Hello?", wengine "Nani?", wengine nilisikia zipu tu na mtu akianguka. Miaka ikapita na hakuna hata mmoja aliyenijibu jibu lenyewe.

Bwana Kanti alistaafu, akaniachia usimamizi na karavani yake, kile kijumba cha magurudumu cha kupumzikia shifti, akarudi Neasden kwa wajukuu na hekalu lake. Jumapili hadi Jumapili alinipigia simu kuuliza habari za nyundo. Habari zangu aliuliza pia, kama muda ulibaki.

Kisha akaja meneja huyu mnayemjua. Alitoka kwenye hoteli. Alitazama uwanda wote, maji, bata, akasema panahitaji vitanda. Akataka upande wa chini, karibu na matete, zijengwe zile nyumba ndogo za mbao zenye taa za sherehe, ili watu waje walale nje bila kulala nje. Na akaleta kanuni: mgeni hakai zaidi ya wiki mbili. "Kambi si makazi," alituambia mkutanoni, akaweka uso wa huzuni ambao nafikiri aliufanyia mazoezi kwenye kioo.

Asubuhi moja akaniita. Kuna hema dogo la buluu kule chini kwenye matete, mwenyewe haonekani, limetelekezwa, niling'oe. Nikachukua nyundo na gunia nikateremka.

Hema lile lilinishangaza nilipolikaribia. Limebandikwa utepe sehemu mbili, limechakaa, lakini vigingi vimelazwa sawasawa, kamba zimelegezwa kiasi kwa ajili ya mvua iliyotabiriwa, na mlango umeyapa maji kisogo. Mtu anayefunga hema hivyo hatelekezi kitu. Hata hivyo amri ni amri, nikainama kushika kigingi cha kwanza, na mdomo ukajisemea wenyewe.

"Hodi!"

Kutoka ndani, kwa sauti nzito ya usingizi: "Karibu, pita ndani."

Nilibaki nimeinama na nyundo yangu. Ndani nako kukawa kimya, kimya cha mtu aliyezinduka akagundua alichokifanya. Angenyamaza tu, wallahi, ningebisha mara mbili zaidi nikaenda zangu na kumwambia meneja sikujibiwa. Lakini mtu aliyelelewa Tanga ukimbishia hodi usingizini, mdomo wake ndio unaoamka kwanza.

Zipu ikafunguka. Akatoka mwanamume wa makamo, amevaa sare ya kazi ya makao ya wazee na soksi moja.

"Shikamoo, dada," akasema. Hata katika hali ile.

"Marahaba. Umekaa hapa muda gani?"

"Kidogo tu."

"Kidogo cha wiki au kidogo cha msimu?"

Akatazama bata. "Cha msimu, dada."

Aliitwa Salehe. Alifanya kazi usiku Harrow, kugeuza wazee vitandani na kuwabadilisha, na mchana alilala, ndiyo maana hakuna aliyemwona. Zamani alikuwa na chumba Kilburn, mitaa miwili tu kutoka kwangu. Akakiacha, kwa sababu Tanga alikuwa anajenga nyumba ya mkewe, na bintiye Zuhura alikuwa shuleni, na vyote hivyo na chumba cha Kilburn havikuenda pamoja. Kwa hiyo bwana huyu alilala kwenye nyasi London ili Tanga kuwe na sebule. Masika alikuwa na hema la kijani upande wa juu, kiangazi la rangi ya chungwa karibu na bomba, na sasa hili, kila mara kwa jina la mfanyakazi mwenzake. Nilikuwa nimeyaona yote matatu! Nilidhani ni watu watatu wanaojua kufunga kamba, nikafurahi kwamba hatimaye kambi inapata wageni wenye akili.

"Haya," nikamwambia, "kusanya vitu vyako. Meneja anataka kujenga vibanda."

Akakaa kwenye nyasi. Sikutarajia mtu mzima akae hivyo, ghafla, magoti juu.

"Dada, Zuhura anakuja. Amepata chuo hapa London, uuguzi. Wiki ijayo anafika."

"Hongera. Sasa?"

Sasa, huko nyumbani walijua baba anakaa kwenye nyumba kando ya ziwa. Yeye mwenyewe, aliniapia, hakuwahi kutamka neno nyumba. Alituma picha tu: maji, mabata maji, jua likichomoza. Chini anaandika, "Nimeamka salama." Mkewe akajibu, mashallah, kumbe baraza lako linatazama ziwa? Na Salehe akamtumia kidole gumba.

"Kidole gumba tu, dada. Sikusema kitu."

"Kidole gumba chako kimejenga ghorofa, Salehe."

Aliniomba mambo mawili. Hema lisiguswe mpaka Zuhura aje. Na nimwazime ile karavani ya msimamizi, ile yenye pazia na chungu cha maua, kwa alasiri moja. Amwandalie binti chai, binti aone kuna mlango na dirisha na maji mbele. Baadaye atamwambia amehama.

"Mwambie ukweli," nikasema.

"Nimwambie nini? Kwamba babake anaoga kwenye bafu la watalii?" Akaivuta soksi yake moja. "Mwaka wa sita huu hajaniona. Yule mtoto asiponiheshimu, mimi haya yote nimeyafanya kwa ajili gani?"

Ningeweza kumjibu. Nina majibu mengi, mnanijua. Lakini alikuwa na soksi moja, na macho yale. Nikampa ufunguo.

Meneja nikamwambia hema lina mwenyewe, mtu wa kazi za usiku. Akauliza amekaa muda gani, nikasema sijui, maana sikuwa nimeambiwa idadi kamili. Akatafuta kwenye kompyuta, akaona wiki mbili zimepita hata kwa lile jina la sasa, akasema atoke kabla ya Jumamosi jioni, la sivyo atateremka mwenyewe na toroli. Na Zuhura alikuwa anakuja lini? Jumamosi, bila shaka. Mambo yangu hayajawahi kunikuta siku tofauti.

Jumamosi Salehe alipiga pasi shati kwenye meza ya ofisi yangu. Karavani aliisafisha tangu asubuhi, akaficha picha za wajukuu wangu, akaficha kalenda ya msikiti wa Kilburn, akarudi kuniambia sasa ni nyumba ya mwanamume kabisa. Kisha akaenda kituo cha basi kumpokea bintiye. Nilimwona akirudi naye, msichana mrefu mwenye mtandio wa kijani na viatu vipya vya London, amemshika babake mkono na hamwachii. Baba anaonyesha maji, binti anacheka. Nikasema, labda, jamani, labda itapita.

Nilipopita dirishani na ndoo yangu, Salehe akanipungia mkono kama anayezama. Nikaingia.

"Zuhura, huyu ni Bi. Mwanaisha," akasema. "Ni jirani."

"Shikamoo, mama," akasema binti.

"Marahaba, mwanangu. Karibu London, pole na baridi."

Maji yalishachemka na Salehe alikuwa akitafuta sukari. Alifungua kabati la juu, akafungua la chini, akafungua hata oveni. Katika nyumba yake mwenyewe! Jasho likaanza kumtoka kwenye shati la pasi. Na mimi, kwa huruma na kwa mazoea, nikanyoosha mkono nyuma ya pazia bila hata kutazama, nikatoa kopo la sukari, nikaliweka mezani.

Zuhura akalitazama kopo. Akatazama kanga yangu iliyoning'inia nyuma ya mlango, ambayo baba hakuiona alipokuwa akifanya nyumba iwe ya mwanamume kabisa. Akatazama ndara zangu chini ya kiti. Kisha akanitazama mimi, kuanzia juu mpaka chini, polepole.

"Baba," akasema. "Mama anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba umeoa."

Salehe alifunga kabati. Kusema "sijaoa" kungetaka aseme nyumba ni ya nani, na kusema nyumba ni ya nani kungetaka aseme yote. Akasema anakuja sasa hivi, akatoka. Tukamwona kwa dirisha akiteremka uwanda kwa haraka hadi kwenye matete, akajipenyeza kwenye hema la buluu, akavuta zipu.

Binti alikaa wima mno, kikombe mkononi. Nilijua kile kikao. Ndivyo anavyokaa mtoto mbele ya mke wa pili wa babake.

"Usinitazame hivyo," nikamwambia. "Mume nilikuwa naye mmoja, nimemzika, na alinichosha. Sitafuti mwengine. Na ningetafuta, nisingemchukua wa soksi moja."

"Sasa hii nyumba ni ya nani?"

"Ya kambi. Mimi mwenyewe nakaa Kilburn, hapa ni pa shifti."

"Na baba anakaa wapi?"

Roho iliniuma. Uongo haukuwa wangu, na ukweli nao haukuwa wangu, lakini mimi ndiye niliyekuwa nimekaa nao mezani. Nikamwonyesha kwa dirisha. "Kamuulize mwenyewe. Yuko kwenye lile la buluu."

Alitazama kule kwa muda. Akatoa simu, akapekua picha, akaikuza moja. Bata maji mweupe katikati ya maji, na pembeni kabisa kipande cha kitu cha buluu na kamba yake.

"Nilidhani ni mwavuli," akasema. "Nilimwambia mama, baba ana mwavuli barazani."

Akaweka kikombe chini, akatoka. Nami nikachukua nyundo nikamfuata kwa mbali, maana mfanyakazi akishika kifaa haulizwi anakwenda wapi. Nusu ya njia nikaona, kutoka upande wa ofisi, meneja naye akiteremka na toroli lake, amevaa glovu. Nikaharakisha. Magoti yangu yalilalamika mpaka Jumatano. Nikamkatia njia karibu na matete, nikainua nyundo ya Bwana Kanti juu.

"Kuna nini?" akauliza kwa Kiingereza.

"Nyamaza," nikamwambia kwa Kiswahili. Na alinielewa, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe.

Zuhura alikuwa amesimama mbele ya hema. Hatua mbili nyuma. Hakufundishwa na mtu wa kambi.

"Hodi," akasema.

Kimya. Alikuwemo, sote tulimwona, mgongo wake umeisukuma ile nguo ya buluu kwa ndani na mtu angeweza kuona anavyopumua.

"Hodi, baba."

Kimya tena. Nilijua imebaki hodi moja, na yeye ndani alijua, na binti alijua. Akinyamaza tena, Zuhura atageuka. Zipu hataifungua mwenyewe, amelelewa vizuri, na hapo ndipo palipokuwa na hatari. Atapanda basi arudi chuoni, atapiga simu Tanga aseme alichokiona au alichokidhani, na Salehe atabaki na nyumba yake ya kando ya ziwa milele. Mwitikie, mjinga wewe, nilisema moyoni. Siku ile nilipokujia kukung'oa uliniitikia mimi, wala hunijui.

Upepo ulikuwa umeanza kutoka majini. Zuhura akashusha pumzi.

"Hodi," akasema, na safari hii sauti ilivunjika katikati.

Sikuhesabu ilichukua muda gani. Kisha:

"Karibu."

Na baada yake, kwa sauti ndogo, vile vile kama asubuhi ile: "Karibu, mwanangu. Pita ndani."

Zipu ikafunguka kidogo. Binti akainama, akavua viatu vyake vipya, akaviweka kwenye nyasi kando ya viatu vya kazi vya babake, akavilinganisha, akaingia.

Hema halizuii sauti, hilo mnalijua. Tulisikia baba akianza kueleza, mbiombio, habari za Kilburn, za vigae, za ada, za kwamba hapa si pabaya, maji ya moto yapo. Akaeleza mpaka akaishiwa. Kisha tukamsikia mtoto.

"Baba, nani alikuomba sebule?"

Jibu sikulisikia. Nilisikia mtu mzima akilia, na mimi mwenyewe nikajikuta nimeufuta uso kwa glovu ya vyooni.

Siku hizi wanakaa Kilburn, baba na binti, vyumba viwili juu ya kinyozi, na ngazi zao zinanuka mafuta ya nywele. Nyumba ya Tanga bado haina dari. Mkewe alipoambiwa alimgombeza Salehe kwa simu siku tatu mfululizo, akasema kumbe mume alikuwa analala na vyura, kisha akataka aletewe picha ya hilo hema alione. Vibanda vya mbao vimejengwa, vina taa, vina milango ya kugonga, na mnavisafisha nyinyi. Nyundo nimewaachia kwenye ndoano yake. Bwana Kanti atapiga simu Jumapili, mwambieni ipo.

Ila mkiniuliza katika kazi ile yote nakumbuka nini, sikumbuki hotuba wala keki. Nakumbuka meneja amesimama kwenye matete na toroli lake tupu, akaniinamia sikioni, maana hata yeye alijua kushusha sauti, akauliza kama sasa tunaweza kuling'oa. Nikamwonyesha vile viatu pale nje, vipya na vilivyochakaa, vimepangwa pamoja.

Nikamwambia wenyewe wapo.